Hiyo Si Chai, Hiyo Ni Hongo

Leo tugombane kidogo, wasee, na tugombane kuhusu chai.

Si bei ya maziwa, hiyo tutaiongelea siku ingine nikiwa na nguvu. Nataka tugombane kuhusu neno lenyewe. Juu kuna kazi moja hili neno limepewa hapa Nairobi na imenichosha. Makanga analitumia hivyo, karani analitumia hivyo, mtangazaji wa redio asubuhi analitumia akicheka, na wewe pia. Nikilalamika naambiwa, "Bana, si ni neno tu."

Sawa. Tuanze na hilo "neno tu".

Karibu dunia yote inaita chai kwa majina mawili. Mawili pekee. Wachina wana alama moja ya kuandika chai, lakini wanaisoma tofauti kulingana na mahali. Beijing wanasema cha, Canton pia cha. Lakini kule pwani ya Fujian, ng'ambo ya bahari kutoka Taiwan, wanasema te. Tofauti ndogo ya lahaja, kama venye mtu wa Lamu haongei kama mtu wa Unguja, na ndiyo iligawanya dunia nzima.

Waholanzi ndio walioipeleka chai Ulaya kwa wingi kwenye karne ya 17, na wafanyabiashara waliowauzia walikuwa wa upande wa te. Kwa hivyo Mholanzi anasema thee, Mwingereza tea, Mfaransa thé, Mjerumani Tee, Mhispania té. Wareno wao walikuwa Macau, pale karibu na Canton, ndiyo maana mpaka leo Mreno anasema chá huku majirani zake wote wakisema te. Na wale waliopata chai kwa njia ya nchi kavu, kwa misafara ya ngamia, walibeba cha. Waajemi wakaiongezea mkia ikawa chai. Mhindi anasema chai, Mrusi anasema chai, Mturuki anasema hivyohivyo. Mwarabu hana sauti ya "ch" kwa Kiarabu chake cha kawaida, akasema shai. Mhabeshi naye shai. Msomali, shaah. Hiyo huhitaji kusafiri kuisikia, panda gari ushuke Eastleigh, ingia hoteli yoyote, utaipata na iliki yake na sukari ya kuangusha farasi.

(Kuna wakaidi pia. Mpoland anasema herbata, na ukiichunguza utaona te imejificha hapo mwishoni. Watu wa Burma wanasema lahpet na hawajali nyinyi wote mnasema nini. Nawaheshimu.)

Sisi tulipata chai kwa bahari, lakini tukapata jina la watu wa ngamia, juu Waajemi na Wahindi ndio walikuwa wanafunga majahazi Mombasa, Lamu na Unguja miaka na mikaka. Kutoka pwani neno likapanda bara. Mkikuyu akaandika cai, Mkamba akasema kyai, Mjaluo akaliacha vilevile, chai. Mnyarwanda akalivalisha nguo za kwao, icyayi. Ukishuka kusini mambo yanageuka: Malawi ni tiyi, Mzulu anasema itiye, kwa sababu huko Mwingereza ndiye alifika na birika. Ukienda Madagascar unaambiwa dite, ambayo ni Kifaransa cha "du thé" kimemezwa bila kutafunwa. Mtu wa Kinshasa kwa Kilingala anasema ti. Yaani ukimsikia mtu akitaja kinywaji chake cha asubuhi, unaweza kubahatisha babu zake walifanya biashara na nani, ama walitawaliwa na nani.

Na hapa Kariobangi? Hapa tuna yote mawili kwa menyu moja iliyoandikwa na chaki. Juu kuna chai. Chini yake kuna strungi, ama turungi, inategemea nani alishika chaki. Strungi ni Kiingereza, ni ile "strong" ya "strong tea", ila tulichukua "strong" tu, hiyo "tea" yenyewe tukaiacha mlangoni. Hatukuihitaji. Tulikuwa tayari na letu. Mimi naipenda sana hiyo. Watanzania wanaiita chai ya rangi, watu wa pwani wanasema chai ya mkandaa, na sisi wa Eastlands tukamtoa Mwingereza sifa tukamwachia jina lake.

Nimewapeleka mbali hivi kwa sababu moja. Nataka mjue hili neno limetoka wapi, limepita mikono mingapi, ndio mnisikilize nikisema kwamba limeibwa.

Juu Nairobi leo mtu akikuambia "toa chai", uko na uhakika hataki majani.

Mtaa wetu kuna jamaa anachomelea vyuma kule Light Industries. Anatengeneza mageti, madirisha, wakati mwingine zile sanduku za bati za wanafunzi wa bweni. Ni mtu wa hesabu, ana kijitabu anaandika kila shilingi inayotoka, hata ile mbao ya kuegesha mkokoteni. Mwezi fulani akaniita nimsaidie kujua pesa inaenda wapi, kwa sababu kazi ilikuwepo lakini nyumbani hakuna kitu. Tukakaa na simu yangu tukajumlisha. Chuma, rangi, umeme, nauli ya geti ikipelekwa kwa mteja. Halafu chai.

Chai 20. Chai 20. Chai 200. Chai 20. Chai 500. Chai 20, chai 20, chai 1,000.

Nikamuuliza, mzee, hii chai ya ngiri unaikunywa wapi, Dubai? Akacheka. Kumbe zile za 20 ni za kibandani kwa mathe, kikombe cha saa nne. Zile zingine ni za watu wa kofia. Geti likiwa juu ya pikapu barabarani, chai. Moto wa kuchomelea ukionekana saa mbili usiku, chai. Kijana wake wa kazi akishikwa jioni akienda nyumbani kwa sababu alisimama na wenzake wawili, chai, na hiyo ndiyo ilikuwa ya 1,000. Tulizitenganisha. Chai ya kunywa kwa siku 26 za kazi: 520. Ile ingine, mara kumi kwa huo mwezi: 3,400. Hiyo ni vikombe 170 vya mathe.

Na yote alikuwa ameiandika kwa jina moja. Mke wake alikuwa anaona kijitabu anafikiri bwana ana tamaa ya vitumbua huko kazini.

Sasa niambie tena ni neno tu. Mtu makini, anayeandika kila senti, alikuwa anaibiwa mara kumi kwa mwezi na kijitabu chake kilikuwa kinasema alikunywa chai. Angeandika "hongo" angeiona mwezi wa kwanza. Neno lilikuwa limemfunika macho na yeye ndiye aliyelishika kwa mkono wake. Simlaumu, sote tunaandika hivyo, wengine wetu kichwani tu.

Kitu kinachoniuma zaidi ni jinsi walivyochagua vizuri hilo jina. Wangeweza kuita soda. Wengine huita "lanchi", sawa, "ya macho", "ya mafuta", "unaniachaje", hizo zote zipo. Lakini iliyoshinda ni chai, na kuna sababu. Kwetu chai si kinywaji tu. Mgeni akiingia kwako, hata kama ni kachumba kamoja na kitanda ndicho kiti, unaweka sufuria motoni kabla hujamuuliza kilichomleta. Majani yakiisha unatuma mtoto kwa jirani. Kumnyima mgeni chai ni aibu, itasemwa mpaka ushago. "Karibu chai" ndiyo adabu ya kwanza tuliyofundishwa, kila kabila, kila dini, kila ploti.

Sasa mtu anakusimamisha barabarani, mtaa wako, karibu na mlango wako, halafu anaomba chai. Umeona amekufanya nini? Amejifanya mgeni. Wewe umekuwa mwenyeji. Na mwenyeji akinyima ni mchoyo, ni mtu hana utu, ni mtu hajui kuongea na watu. Ndiyo maana wanasema "ongea vizuri". Ndiyo maana wanakuambia "kuwa mtu mkubwa". Wizi umegeuzwa kuwa mtihani wa tabia yako, na ukikataa unafeli. Watu wazima wenye akili zao wanatoa soo mbili na wanasema asante. Asante! Umeibiwa na umeshukuru, kwa sababu neno lililotumika ni la heshima.

Na ukitaka kujua kama ni chai kweli, siku moja mpelekee karao chai. Chai halisi, kwa chupa, na mandazi mawili. Uone uso wake.

Najua kuna msee ameshafungua komenti kuandika kwamba hata nchi zingine zinafanya hivi. Nimekutangulia. India wanasema chai-pani, yaani chai na maji, na maana yake ndiyo hiyohiyo. Burma, wale wale wakaidi wa lahpet, nao wana "pesa ya chai". Thailand wanaiita gharama ya maji moto na chai. Wafaransa wanasema pot-de-vin, mtungi wa divai. Angola wanaomba gasosa, yaani soda. Congo ndiyo iliniua kabisa: kwa Kilingala wanasema madeso ya bana, maharagwe ya watoto.

Maharagwe ya watoto, wasee. Ukikataa hapo si umemnyima afisa, umenyima watoto wake maharagwe.

Wewe unaona hiyo orodha unasema, basi ni kawaida ya binadamu. Mimi naiona nasema, tazama, kila mahali mwizi mwenye sare anafanya kitu kimoja: anatafuta kile chakula ama kinywaji ambacho watu wa hapo hawawezi kunyimana, anajificha nyuma yake. Hakuna nchi hongo inaitwa jina la kitu kibaya na wale wanaoipokea. Hiyo inaonyesha wao wenyewe wanajua ina harufu.

Halafu sisi ndio tuna aibu kubwa zaidi, kwa sababu Kiswahili kina maneno ya hiki kitu mpaka yanamwagika. Rushwa. Mlungula. Chauchau. Kadhongo. Chirimiri. Na lile kubwa, hongo. Hebu tukae kwa hongo dakika moja, kwa sababu hii historia hawakutuambia shule ama walituambia tukiwa tumelala.

Karne ya 19, misafara ilikuwa inatoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Wapagazi mamia, vitambaa, shanga, pembe za ndovu zikirudi. Njiani ilikuwa lazima wapite kwa nchi za watu, na kila mtawala wa nchi alikuwa anadai malipo ndio msafara upite. Malipo hayo ndiyo yaliitwa hongo. Yalilipwa kwa merikani, kwa kaniki, kwa shanga na nyaya za shaba. Ugogo ndiko kulikosifika. Burton alipita mwaka 1857, Stanley akapita 1871, na wote wawili walilalamika kuhusu hongo ya Wagogo kama vile mtu wa matatu analalamika leo. Msafara ungeweza kukaa siku kadhaa ukibishana bei.

Kwa hivyo hongo, tangu zamani, ni kulipa ndio upite. Ni kizuizi cha barabarani! Neno lilikuwa linatungoja miaka mia moja na hamsini, limekaa limeshonwa kwa kipimo chetu, na sisi tukaliacha tukaenda kuvua nguo za chai tukamvalisha mwizi.

Na kwa haki ya Wagogo niseme hivi: mtemi alikuwa na hoja. Nchi ilikuwa yake, ni kame, visima vilichimbwa na watu wake, chakula cha msafara kilitoka kwa mashamba yao. Alidai wazi, mchana, kila mtu akisikia, na msafara ulijua umelipia nini. Huyu wa kwetu kisima chake ni kipi? Barabara tumeilipia kwa kodi. Sare tumemnunulia. Hata hiyo tochi anayokumulika nayo machoni ni yetu.

Wacha nifike kwa pingamizi la maana, kwa sababu si kila anayenipinga ni mjinga. Kuna watu wananiambia hawa askari na makarani wenyewe wanaumia. Wanalala kwa nyumba mbovu, mshahara unaisha tarehe tano, wengine wako mbali na watoto wao. Ni kweli. Jopokazi lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lilizunguka likatoa ripoti Novemba 2023, likapendekeza waongezwe mishahara. Mimi naunga mkono, walipwe, walipwe vizuri. Lakini mwenye kuwalipa hakai Kariobangi. Hachomelei mageti. Haendeshi boda akiwa ametengeneza 300 tangu asubuhi na mafuta bado. Kama una njaa na mwajiri wako ana pesa, halafu unakuja kuchukua kwa mwenye njaa mwenzako kwa sababu huyo hana wakili, usiniambie umeomba chai.

Pingamizi la pili ni la woga, na hilo naliheshimu zaidi. "Wewe unaongea kwa simu, lakini saa nne usiku Outering Road, watatu wamekuzunguka, utasema hongo ulale ndani?" Hapana. Sijamwambia mtu yeyote afe kwa ajili ya kamusi. Saa nne usiku fanya kile kitakufikisha nyumbani kwa mama yako. Tunajua hapa mtaani vijana ambao hawakufika. Mimi naongea kuhusu asubuhi yake. Ukisimulia. Ukiandika kwa grupu ya ploti. Ukimjibu mama akiuliza pesa ya rent imepungukaje. Hapo hakuna mtu amekushikia kitu, hapo ulimi ni wako, na hapo ndipo unasema "nilitoa chai" kwa sauti ya mtu aliyefanya ukarimu. Sema ulinyang'anywa. Sema ulilipishwa hongo. Halafu sikiliza venye hao wanaokusikiliza wanabadilika, kwa sababu "alitoa chai" hakuna anayeuliza swali la pili, lakini "alilipishwa hongo" lazima mtu aulize: na nani? wapi? kiasi gani?

Na kuna jambo la sheria hapa ambalo linafaa likuamshe. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 haijui chai. Inajua anayetoa na anayepokea, na wote wawili ina pa kuwaweka: kifungo cha hadi miaka 10, ama faini ya hadi shilingi milioni 5, ama vyote viwili. Unaona ujanja? Neno "chai" linakufanya usione kwamba umeingizwa kwa kosa. Yeye anajua. Ndiyo maana hasemi "hongo" hata siku moja, hata mkiwa wawili kwa giza. Anasema chai, ama ananyamaza tu anaangalia mfuko wako. Lile neno limewekwa kumlinda yeye, na wewe unamsaidia kulibeba bure.

Ni Gen Z hao hao, kumbukeni. Juni 2024 tulisoma Mswada wa Fedha kipengele kwa kipengele. Watu walitafsiri kwa Kikuyu, kwa Dholuo, kwa Kisomali, kwa lugha ya ishara, wakaeleza ushuru wa mkate mpaka mama mboga akaelewa. Hatukukubali waziri atuambie ushuru ni "mchango". Tuliita kitu kwa jina lake, na tarehe 25 watu wakatembea mpaka Bungeni, na kuna wenzetu hawakurudi. Halafu kizazi hicho hicho kinarudi mtaani, kinasimamishwa pale raundabauti, kinaambia kamera "aki karao amekunywa chai yangu" na emoji ya kucheka.

Nikifika hapa naongea na wenzangu wa video. Nyinyi watu wa vichekesho. Kila wiki kuna video ya karao mwenye tumbo, kofia imeinama, anaomba chai, makanga anakunja noti kama sigara, muziki unaingia, watu laki moja wanacheka. Siwaambii muache. Eric Wainaina alitoa "Nchi ya Kitu Kidogo" mwaka 2001, wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, na ilikuwa na utani pia, lakini ukiisikiliza unajua wazi nani anachekwa. Kwa video zenu sijui. Mara nyingi anayechekwa ni yule amekosa pesa ya kutoa. Yule mjinga wa mtaa ambaye hakujua kuongea vizuri. Karao anatoka kwa video akiwa mjanja. Nani amewalipa kwa hiyo kazi? Hakuna. Mnamfanyia tangazo bure.

Na tumhurumie kidogo mwenye jina lake. Wakulima wadogo zaidi ya 600,000 wanapeleka majani yao kwa viwanda vya KTDA, Nyeri, Murang'a, Kericho, Kisii, Meru. Majani mawili na kichipukizi, kwa mkono, na baridi ya asubuhi imeshika vidole. Yanapakiwa, yanashuka mpaka mnada wa Mombasa, yanauzwa Pakistan, Misri, Uingereza. Limuru walianza kupanda mwaka 1903, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kulima hicho kitu kwa shamba lake mwenyewe, alikuwa wa kuchuna tu. Watu wamepigania hilo jani. Halafu ulizia mtu Nairobi "chai ya Kenya" inamaanisha nini uone kama atataja Kericho kwanza.

Tanzania wao wamelipeleka kwingine kabisa. Vijana wa Bongo siku hizi mtu akidanganya wanamwambia "hiyo chai". Yaani uongo, stori ya kutunga. Wazungu wa mitandaoni nao "tea" kwao ni umbea. Maskini jani la watu! Hongo, uongo, umbea, na bado saa nne linatakiwa lichemke.

Hizo za uongo na umbea mimi sina shida nazo, lugha inacheza, ichezwe. Hakuna mtu amelala ndani kwa sababu ya umbea. Hata wale wa mikahawa ya mall wanaouza "chai tea" kwa 450, ambayo ukitafsiri ni "chai chai", nimewasamehe, ni ushamba tu na una maziwa mengi. Ninayemkataa ni huyu mmoja anayeingia kwa ukarimu wetu na viatu vyake.

Kwa hivyo kuanzia leo, kwa ukurasa huu, kuna kanuni moja. Komenti ziko wazi: niambieni kwa lugha yenu chai inaitwaje, nataka zote, Kiturkana, Kitaita, Kigiriama, hata kama ni ya nyanya tu anayeikumbuka. Niambieni pia ulilipishwa hongo wapi na kiasi gani, bila kutaja jina la mtu. Ila ukiniandikia "nilitoa chai ya 500", nitakujibu na bei ya mathe: kikombe ni mbao, ya tangawizi ni thelathini, na mandazi unalipa kando.